Nani Alitia Saini? Uhakiki wa Dhana ya Kiarifu Ambatani kati ya Kiingereza na Kiswahili, kwa Kuirejelea Kyarumba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya kiarifu ambatani inavyofafanuliwa katika sarufi ya Kiingereza ya shuleni na namna inavyohamishiwa katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kanuni ya darasani, yaani kiima kimoja, vitenzi viwili na kutotia mkato, hueleza umbo na kuacha maana. Inaacha swali ambalo mkulima, karani na mwanasheria hulihitaji zaidi: nani alifanya lipi, na kwa mpangilio gani? Kiswahili hujibu swali hilo kwa viambishi vya ku-, -ka- na dhamira tegemezi, lakini tafsiri nyingi huyafuta majibu hayo kwa kutumia kiunganishi na pekee. Mifano inahusu kazi ya kahawa ya Kyarumba, wilayani Kasese, ambako mwanafunzi hukutana na sarufi za Lukonzo, Kiingereza na Kiswahili. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa walimu, wafasiri na washauri wa sera.

1. Utangulizi

Kyarumba ni mji mdogo katika miinuko ya Ruwenzori, magharibi mwa Uganda. Wenyeji wake wengi ni Wakonzo na zao lao kuu la biashara ni kahawa ya arabika. Hapo ndipo yalipo makao ya Bukonzo Joint, chama cha ushirika kinachoshughulikia kahawa pamoja na akiba na mikopo midogo ya wanachama. Ukishuka kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, Kiswahili cha wafanyabiashara wa Kongo husikika sokoni. Ukielekea mjini Kasese, Kiingereza ndicho lugha ya barua, mikataba na ofisi. Kwa hiyo mtu wa Kyarumba anaweza kulima kwa Lukonzo, kuuza kwa Kiswahili na kutia saini kwa Kiingereza.

Hali hii inaipa mada ya kisarufi uzito ambao pengine usingeonekana mahali penye lugha moja. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika kadiri Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulikwisha kuagiza, katika ibara ya 137, kwamba Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Maamuzi haya yakitekelezwa kikamilifu, hati nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zitahitaji kufasiriwa. Hati hizo zimejaa viarifu ambatani: mwanachama atafanya hili na lile, chama kitapokea na kulipa, kamati itachunguza na kuamua.

Swali la makala haya ni dogo, ila matokeo yake si madogo. Tunapokutana na kiima kimoja na vitenzi viwili vilivyounganishwa, tunaelewa nini na tunafasiri nini? Mifano yote inayofuata imetungwa na mwandishi kwa ajili ya hoja. Haikudondolewa katika hati ya chama wala taasisi yoyote.

2. Kiarifu ambatani katika mapokeo ya Kiingereza

Kiarifu ni kile kinachosemwa kuhusu kiima. Kiarifu kikiwa na vitenzi viwili au zaidi vyenye kiima kimoja na kuunganishwa kwa viunganishi kama and, but au or, sarufi ya shuleni hukiita kiarifu ambatani. Mapokeo hayo yana mizizi mirefu. Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, katika kitabu chao Higher Lessons in English cha mwaka 1877, waliwafundisha wanafunzi wa Marekani kuchora sentensi kwa mistari. Kiima kilikaa upande mmoja wa mstari, na upande wa pili mstari uligawanyika kuwa matawi kadiri ya idadi ya vitenzi. Mchoro huo ulirahisisha kazi ya mwalimu, na hadi leo vitabu vingi vya shule vinaufuata kimawazo hata pale visipouchora.

Kutokana na mapokeo hayo ilikuja kanuni ya mkato. Tazama sentensi hizi:

(1) The farmer picked the cherries and washed them.
(2) The farmer picked the cherries, and she washed them.

Sentensi ya (1) ina kiima kimoja na kiarifu ambatani, kwa hiyo kwa kawaida haitiwi mkato. Sentensi ya (2) ina vishazi huru viwili, kila kimoja na kiima chake, kwa hiyo mkato hutangulia kiunganishi. Kanuni hii ni sahihi kwa sehemu kubwa, na waandishi wazoefu huivunja tu pale msomaji anapoweza kupotoka au pale wanapotaka kuonyesha ukinzani. Kasoro yake ni kwamba inaishia hapo. Mwanafunzi akishajua mahali pa mkato hudhani amekwisha kuielewa sentensi.

Wanasarufi wa karne ya 20 walikwenda mbali zaidi. Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanakigawa kiarifu chenyewe: wanatenganisha kitenzi kisaidizi cha kwanza na sehemu inayobaki. Mgawanyo huo unaonyesha kwamba kuunganisha will pick and will wash si sawa na kuunganisha will pick and wash. Katika muundo wa kwanza kila kitenzi kina kisaidizi chake. Katika wa pili vitenzi viwili vinaishi chini ya kisaidizi kimoja. Tofauti hii, ambayo vitabu vya shule huiruka, itakuwa muhimu tutakapofikia ukanushi.

Yapo pia maelezo ya zamani kwamba kiarifu ambatani ni kifupisho tu: sentensi mbili kamili zimeunganishwa na kiima cha pili kimedondoshwa. Maelezo haya yanavutia lakini hayatoshi. Tukisema Few farmers pick early and sell late, hatumaanishi kwamba wachache huchuma mapema na kwamba wachache huuza kwa kuchelewa. Huenda wanaochuma mapema ni wengi na wanaochelewa kuuza ni wengi vilevile. Walio wachache ni wale wanaofanya yote mawili. Kiima kimeshika vitenzi vyote kwa pamoja na hakiwezi kurudiwa bila kubadili maana. Kwa hiyo kiarifu ambatani ni muundo wenye maana yake, na kinadai mtendaji awe yuleyule katika kila tendo. Dai hilo la mtendaji mmoja ndilo tutakalolipima kwa Kiswahili.

3. Je, Kiswahili kina kiarifu ambatani?

Kitenzi cha Kiswahili, kama vitenzi vya lugha nyingi za Kibantu, hubeba kiambishi cha kiima ndani yake. Neno alichuma ni sentensi kamili. Ndiyo maana baadhi ya maelezo ya sarufi huhitimisha kwamba sentensi yoyote ya Kiswahili yenye vitenzi vikuu viwili vilivyounganishwa ni sentensi ambatano, na suala la kiarifu ambatani halina nafasi. Mwandishi wa makala haya hakubaliani na hitimisho hilo. Linganisha tafsiri tatu za sentensi moja ya Kiingereza:

(3) The clerk handed the farmer the receipt and signed it.
(4) a. Karani alimkabidhi mkulima stakabadhi na kuitia saini.
b. Karani alimkabidhi mkulima stakabadhi akaitia saini.
c. Karani alimkabidhi mkulima stakabadhi aitie saini.

Katika (3) aliyetia saini ni karani. Kiingereza hakiruhusu usomaji mwingine, kwa sababu signed haina kiima chake na inategemea kiima cha handed. Katika (4a) pia ni karani. Kitenzi-jina kuitia hakina kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Vyote viwili hukopwa kutoka alimkabidhi. Katika (4b) mambo yanabadilika. Kiambishi a- katika akaitia kinaweza kumrejelea karani na kinaweza kumrejelea mkulima, na msikilizaji huamua kwa muktadha. Katika (4c) anayetarajiwa kutia saini ni mkulima, na zaidi ya hapo hatujui kama alitia au hakutia. Tunajua kusudi tu.

Sentensi tatu zinazofanana kwa herufi nyingi zinatoa majibu matatu kwa swali moja: nani alitia saini? Karani, karani au mkulima, mkulima, kama alitia. Katika mgogoro wa malipo, majibu hayo hayalingani hata kidogo.

Jambo hili linatupa kipimo. Ikiwa kiarifu ambatani ni muundo unaolazimisha mtendaji mmoja kwa matendo yote, basi kiarifu ambatani cha Kiswahili kipo, nacho ni ule muundo wa kitenzi chenye njeo kinachofuatwa na na pamoja na kitenzi-jina. Muundo wa -ka- ni kitu kingine. Ni mnyororo wa vishazi, kila kishazi na kiambishi chake cha kiima. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikieleza kiambishi -ka- kuwa kinaonyesha tendo linalofuata tendo lililotajwa, na maelezo hayo yangali na nguvu. Hata hivyo, mfuatano wa matendo si umoja wa watendaji. Mnyororo wa -ka- hupanga matukio kwa wakati, na watendaji wanaweza kubadilika njiani: alimwita akaja, akampa akapokea.

Isidhaniwe kwamba -ka- ni muundo wenye utata na ku- ni muundo bora. Viima vikiwa vya ngeli tofauti, -ka- hushinda lugha zote mbili kwa uwazi:

(5) a. Chama kilimkabidhi mkulima stakabadhi kikaitia saini.
b. Chama kilimkabidhi mkulima stakabadhi akaitia saini.

Hapa silabi moja, ki- au a-, imemaliza ubishi. Kiingereza kingehitaji kuongeza kiima kizima ili kufikia uwazi wa (5b). Aidha, -ka- husema wazi kwamba saini ilifuata makabidhiano, ilhali na kuitia haijifungi kwa mpangilio wowote. Kiunganishi and cha Kiingereza hubeba mpangilio, sababu na kusudi bila kuonyesha ni kipi kati ya hivyo kimebebwa. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua. Mfasiri anayeandika na kila anapokutana na and amekataa kuchagua, na mzigo wa kuchagua unamwangukia msomaji.

4. Mwanafunzi wa Kyarumba na makosa yanayotabirika

Lugha ya kufundishia haijawahi kuwa jambo jepesi katika milima hii. Wakati Bukonzo ilipokuwa chini ya utawala wa Toro, watoto walifundishwa kwa Lutooro, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyochochea vuguvugu la Rwenzururu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtaala wa msingi wa darasa la 1 hadi la 3, ulioanza mwaka 2007, uliagiza watoto waanze kwa lugha ya eneo lao, darasa la 4 liwe la mpito, na Kiingereza kishike nafasi kuanzia la 5. Mtaala wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili katika masomo ya lazima ya kidato cha 1 na cha 2. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kyarumba hufika sekondari akiwa na Lukonzo nyumbani na Kiingereza daftarini, kisha hukutana na Kiswahili kama somo.

Lukonzo ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kinande cha upande wa Kongo, na kitenzi chake pia hubeba kiambishi cha kiima. Robert Lado (1957) alifundisha kwamba ugumu wa lugha ya pili unaweza kutabiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza. S. P. Corder (1967) alionya kwamba kosa la mwanafunzi si uchafu wa kufutwa, bali ni ushahidi wa kanuni anayoijenga. Tukiyachukua mawazo haya mawili kwa pamoja, makosa ya aina mbili yanatarajiwa:

(6) The farmer picked the cherries, she washed them, she dried them.
(7) The farmer picked the cherries and wash them.

Mwalimu anayefuata kanuni ya mkato atalisahihisha kosa la (6) kwa wino mwekundu na kuandika kwamba sentensi imeunganishwa vibaya. Kwa mtu aliyelelewa katika Kibantu, muundo huo haukuunganishwa vibaya. Kila kitenzi kimepewa kiima chake, kama inavyotakiwa nyumbani. Kinachokosekana ni habari kwamba Kiingereza huruhusu, na mara nyingi hupendelea, kiima kitajwe mara moja tu.

Kosa la (7) ni la kina zaidi. Kwa mwanafunzi anayekijua Kiswahili, wash bila njeo ni sawa na na kuosha: tendo la pili limeazima njeo ya tendo la kwanza. Mwanafunzi huyo amekielewa kiarifu ambatani vizuri kuliko mwenzake wa (6), kwani ametambua kwamba kitenzi cha pili kinakitegemea cha kwanza. Alichokosea ni kiasi cha utegemezi. Katika Kiswahili kitenzi cha pili hukopa nafsi na njeo pamoja. Katika Kiingereza hukopa kiima, lakini hubeba njeo yake isipokuwa pale kisaidizi kimoja kinapovitawala vitenzi vyote. Ndiyo maana will pick and wash ni sahihi na picked and wash si sahihi. Tofauti ya Quirk na wenzake tuliyoitaja inarudi hapa ikiwa na kazi ya kufanya darasani.

Mwalimu anayejua haya hatatumia wino uleule kwa makosa yote mawili. Kwa la kwanza atauliza, je, ni lazima tumtaje tena? Kwa la pili atauliza, je, kuna kisaidizi kinachovitawala vyote? Maswali haya yanamfundisha mwanafunzi zaidi ya kanuni ya mkato, nayo yanatoka katika lugha anazozijua tayari.

5. Ukanushi: kanuni moja, adhabu mbili

Mahali ambapo kiarifu ambatani huleta hatari kubwa ni katika ukanushi. Chukua kifungu cha aina hii, ambacho ungeweza kukikuta katika kanuni za chama chochote cha wakulima:

(8) A member shall not pick and sell unripe cherries.

Kiingereza hapa kina mawanda mawili ya ukanushi. Kwa usomaji wa kwanza, kuchuma kumekatazwa na kuuza kumekatazwa, kila kimoja kwa nafsi yake. Kwa usomaji wa pili, kilichokatazwa ni kuyafanya yote mawili kwa pamoja. Mtu anayechuma matunda mabichi yaliyotobolewa na wadudu ili ayaangamize na kulisafisha shamba, jambo ambalo wataalamu wa kilimo hulishauri, ana hatia kwa usomaji wa kwanza na hana hatia kwa wa pili.

Kiswahili kina njia ya kuzitenganisha maana hizi:

(9) a. Mwanachama asichume wala asiuze matunda mabichi.
b. Mwanachama asichume matunda mabichi akayauza.
c. Mwanachama asichume na kuuza matunda mabichi.

Katika (9a) wala imeyakataza yote mawili, moja moja. Katika (9b) ukanushi umelishika tendo la kwanza kwa sababu ya lile la pili, kama tunavyomwambia mtoto usipande mti ukaanguka. Linalokatazwa ni kuchuma kunakoishia kuuza. Sentensi ya (9c) imeurudisha utata wa Kiingereza mzimamzima. Inasikitisha kwamba (9c) ndiyo tafsiri inayokuja kwanza katika kalamu, kwa kuwa inafuata mpangilio wa maneno ya (8) hatua kwa hatua na inaonekana kuwa aminifu. Uaminifu wake ni kwa maneno tu. Mfasiri aliyepaswa kumuuliza mtunga kanuni alichokusudia ameupitisha utata mpakani bila kuukagua.

Ni haki kukiri kwamba si kila utata ni kosa. Wakati mwingine watunga sheria huacha neno wazi kwa makusudi ili wakubaliane leo na wabishane kesho. Hata hivyo, uamuzi huo ni wao. Mfasiri asiuamue kwa niaba yao kwa sababu tu hakujua kwamba lugha yake ilimpa njia tatu.

6. Kiima kimoja, kazi za wengi

Hadi hapa tumekichukulia kiima kimoja kuwa jambo la wazi. Kyarumba inatupa sababu ya kulitilia shaka. Bukonzo Joint ni miongoni mwa vyama ambavyo mbinu ya kujifunza kuhusu jinsia kwa michoro, inayojulikana kwa ufupisho wa GALS na kuhusishwa na mtafiti Linda Mayoux, ilikuzwa navyo. Moja ya michoro yake ni mti wa kaya. Shina ni watu wa kaya, wanawake na wanaume. Mizizi huonyesha nani anafanya kazi zipi na analeta nini. Matawi huonyesha mapato yanatumikaje na yanamfaa nani. Asiyejua kusoma anaweza kuuchora na kuujadili.

Linganisha mchoro huo na sentensi ya kawaida ya ripoti:

(10) The household picks, washes, dries and sells the coffee.

Kisarufi ni kiarifu ambatani kisicho na dosari: kiima kimoja, vitenzi vinne na mikato mahali pake. Lakini sentensi hiyo imeondoa hasa kile ambacho mti wa kaya ulichorwa ili kukionyesha. Kaya haichumi, watu huchuma. Inawezekana anayechuma na kuanika ni mmoja na anayepokea fedha ni mwingine. Kiarifu ambatani kinadai mtendaji mmoja kwa matendo yote, na kiima cha jumla kama household hulitimiza dai hilo kwa gharama ya ukweli.

Kiswahili hakiwezi kujisifu hapa. Tafsiri ya kawaida ingekuwa kaya huchuma, huosha, huanika na kuuza kahawa. Kiambishi hu- hakibebi nafsi kabisa, kwa hiyo hata ile alama ndogo ya mtendaji ambayo kitenzi cha Kibantu hubeba imepotea. Dawa haiko katika kiambishi, iko katika kiima. Ripoti inayoheshimu mti wa kaya itakivunja kiarifu ambatani na kumrudishia kila mtendaji kitenzi chake: huyu huchuma na kuosha, yule huanika, fulani huuza, na fedha hupokewa na fulani. Sentensi hizo ni ndefu zaidi na hazina mvuto wa (10). Lakini mshauri wa sera anayezisoma anaweza kujua mkopo umfikie nani na mafunzo yatolewe kwa nani.

Mchoro wa Reed na Kellogg na mti wa Kyarumba vinafanana kwa sura: vyote vina shina na matawi. Wa kwanza huanza na kiima kilichokwisha kukubaliwa, kisha huhesabu vitenzi. Wa pili huanza na vitenzi, kisha humtafuta kiima wa kila kimoja. Darasa la sarufi linahitaji njia zote mbili, na limekuwa likiifundisha moja.

7. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kiarifu ambatani ni dai kuhusu mtendaji kabla ya kuwa suala la alama za uandishi. Kiingereza hulitoa dai hilo kwa kunyamazisha kiima cha pili. Kiswahili hulitoa kwa kitenzi-jina, na kina njia nyingine, -ka-, dhamira tegemezi na wala, za kusema mambo ambayo and huyaficha. Kutoka hapo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, walimu wa Kiingereza katika maeneo kama Kyarumba na Bwera waanze somo hili kwa maswali ya maana: nani, lipi lilitangulia, kwa kusudi gani? Kanuni ya mkato ije baadaye, ikiwa tokeo la majibu hayo. Mwalimu atumie Lukonzo na Kiswahili kama vipimo vya kulinganishia, wala asivichukulie kuwa chanzo cha makosa tu.

Pili, vitabu vya sarufi ya Kiswahili viutambue muundo wa na pamoja na kitenzi-jina kwa jina lake na viutenganishe na mnyororo wa -ka-. Kuiweka miundo hii miwili katika kapu moja la sentensi ambatano kunamnyima mwanafunzi tofauti ambayo ulimi wake tayari unaijua.

Tatu, taasisi zitakazosimamia tafsiri ya sheria na kanuni nchini Uganda na katika Jumuiya ziwe na mwongozo mfupi kuhusu viunganishi. Kila kiarifu ambatani kinachobeba wajibu, haki au katazo kipitiwe kwa maswali matatu: je, mtendaji ni mmoja, je, mpangilio ni wa lazima, je, ukanushi unakigusa kila kitenzi au vyote kwa pamoja? Jibu lisipopatikana katika hati, mfasiri arudi kwa mtunzi.

Nne, muundo wa vishazi mfululizo katika Lukonzo ufanyiwe utafiti na wasomi ambao ni wazawa wa lugha hiyo, na matokeo yake yawafikie waandaaji wa vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili. Pasipo utafiti huo, tutaendelea kumpima mwanafunzi wa Kyarumba kwa sarufi mbili tulizozichambua na moja tusiyoijali, ilhali hiyo ya tatu ndiyo anayoifikiria.

Mkulima aliyekabidhiwa stakabadhi ana haki ya kujua, kwa lugha yoyote aliyosomewa, ni nani alitia saini. Sarufi isiyoweza kumjibu bado haijamaliza kazi yake.